Mheshimiwa Agoma Kula

Alhamisi tarehe nane Agosti, mwaka 2024, Nane Nane yenyewe, asubuhi wakwe zangu waligawana nguo za marehemu mke wangu, na jioni samaki wake akagoma kula. Lipi lilizaa lipi, tutabishana huko mbele. Mimi nayaweka kapu moja, maana yote mawili yalisimamiwa na watu wenye vyeo.

Mwaka ulikuwa umetimia tangu Philomena anitoke. Alishikwa na tumbo mchana kweupe, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano. Viti vilifika salama. Basi.

Kwetu hapa Kibondo mwaka ukitimia ukoo unakaa, msiba unafungwa, nguo za marehemu zinagawiwa ndugu zake. Tarehe aliipanga Mzee Pasikali, baba mdogo wa mke wangu, mwenyekiti wa kila kikao ambacho hakuna aliyempigia kura. Alisema Nane Nane ni sikukuu, wenye ajira watapata nafasi ya kuja. Wenye ajira hawakuja hata mmoja. Tulikuja sisi wengine, ambao hata Jumanne tungekuja.

Begi likafunguliwa uani. Magauni yakaenda kwa mashangazi, sweta ikaenda kwa binamu, nami nimekaa kwenye kigoda natazama kama mtu anayeangalia duka lake likiuzwa. Kilipotoka kitenge cha njano chenye picha za pangaboi, nikasimama.

“Hicho kiacheni,” nilisema.

Careen alikuwa ameshakikumbatia. Huyu ni mdogo wake Philomena, fundi cherehani huko Kasulu, mwenye ulimi uliochongoka kuliko sindano zake. “Nikiache kwa ajili ya nani, mume wa dada? Utakivaa wewe?”

Uani kote kukalipuka kicheko. Hata Mzee Pasikali, anayecheka mara moja kwa masika, alionyesha jino.

Sasa ningejibu nini? Ukweli ni kwamba nilikuwa nakivaa. Kila jioni, mwaka mzima, mlango nimeutia komeo. Lakini huwezi kusimama mbele ya ukoo wa mkeo ukatamka jambo kama hilo, basi nikatamka jingine baya zaidi. Nilimwita Careen mwizi wa wafu. Kicheko kikakatika. Alikikunja kitenge polepole, akakitia kwenye mkoba wake, akarudi Kasulu siku ileile bila kuonja hata maji.

Kosa la nani? La mwenyekiti. Kikao kikiwa na mwenyekiti anayejua kazi yake, watu hawafiki huko.

Niwaeleze habari za samaki, msije mkadhani nimerukwa na akili. Philomena alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni ya shirika moja lililohudumia wakimbizi. Bosi wao, Mzungu mrefu mpole, aliweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa kutazama, waliovuliwa ziwani kule Kigoma. Fedha za shirika zilipokatwa, huko zinakokatiwaga, bosi alifunga mizigo akamwachia Philomena tangi kama zawadi ya kuagana. Nilimwambia mke wangu, hii ni zawadi gani isiyoliwa? Aliniambia nishike upande mmoja tubebe.

Mkubwa wao ana mistari myeusi juu ya ngozi ya buluu iliyopauka, na kwenye paji la uso amebeba nundu. Hana kazi yoyote. Anakaa pembeni kwenye kivuli cha jiwe, wenzake wanahangaika huku na huku, chakula kikifika anakula wa kwanza. Philomena alimwita Mheshimiwa. Wale wadogo watano wanaomfuata nyuma aliwaita madiwani. Jirani walikuja jioni kutazama, wakasema hiyo ndiyo runinga pekee mtaani isiyodai king'amuzi. Umeme ukikatika, na kwetu unakatika bila hata kubisha hodi, mashine ya hewa inazima, na hapo tulikuwa tunapokezana mimi na mke wangu kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, ili samaki wavute pumzi. Watoto hatukujaliwa. Tulikuwa na hao.

Baada ya mazishi nilijaribu kuwalisha. Madiwani walikula, madiwani hula chochote. Mheshimiwa alijibanza nyuma ya jiwe akanigeuzia mkia. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni mpaka nikakumbuka kwamba Philomena alimlisha akitoka jikoni, na jikoni alifunga kitenge kilekile cha pangaboi. Nikatia komeo mlangoni, nikajifunga kitenge kiunoni, nikasogea. Mheshimiwa akatoka taratibu, nundu mbele, akala mkononi mwangu. Tangu hapo ikawa desturi yetu sisi wawili, na haikumhusu mtu.

Sasa jioni ya Nane Nane kitenge kiko kwenye basi la Kasulu, mimi nimesimama mbele ya tangi na shati langu. Hakutoka. Niliinama kumtazama kwa pembeni, ndipo nikaona. Kwa nyuma, pale samaki anapotolea haja, zilining'inia nyuzi nyekundu, nyembamba kama uzi wa kufumia. Zilikuwa zinajikunja zenyewe. Na mgongo wake ulikuwa umekonda kama ubapa wa kisu, nami kwa mawazo ya msiba sikuwa nimeuona.

Nikamwita jirani yangu, Mama Ntirampeba. Huyu mama alikuja kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, leo ni raia kuliko mimi, ana kadi zote. Alichungulia kiooni akashika mdomo, akashangaa kwa Kirundi.

“Yampaye inka! Huyo ana inzoka, Tharsisi. Minyoo. Tena wameshachoka kukaa ndani, wanatoka kutembea.”

“Watamuua?”

“Hata mbuzi wanamuua, sembuse hiki kidude?”

Nikaenda mbio ofisi ya mifugo. Mlinzi alikuwa peke yake, anakula mhindi.

“Wataalamu wote wako Tabora, kwenye maonyesho,” aliniambia.

“Wanaonyesha nini?”

“Namna wanavyohudumia mifugo.”

Nikageuza, nikaondoka. Kuna majibu ukiyatoa unalala ndani.

Niliporudi, Mama Ntirampeba alikuwa ameshakamua mubirizi, yale majani machungu ambayo huku kwetu kila mtu amewahi kunyweshwa akiwa mtoto, na kila mbuzi mwenye tumbo bovu hunyweshwa mpaka leo. “Minyoo na mubirizi hawakai chumba kimoja,” alisema. Mimi nilimwamini, maana hata mimi nimeponea hapo. Tukamimina kikombe kizima kwenye tangi.

Ndugu zangu, mbuzi ukimnywesha mubirizi anakunywa mara moja, analia, anakwenda zake. Samaki umemnywesha, umemwogesha, umemlaza humo humo. Maji yakawa na rangi ya chai ya majani mabichi. Madiwani wakapanda juu wote, midomo nje, wanahema kama wamekimbizwa. Mama Ntirampeba akapiga yowe, akakimbilia kwake, akarudi na madumu yake yote ya maji ya kunywa aliyonunua kwa watu wa bodaboda. Tukachota ya kijani tukamwaga nje, tukaweka masafi, tukachota tena. Nguo zetu zote zilinuka uchungu. Diwani mmoja hatukumuwahi.

“Nimekuulia mtoto,” alisema Mama Ntirampeba, amekaa chini.

“Hukuua wewe. Daktari angekuwepo, tungeanzia kwa daktari.”

“Na wewe kila kitu ni serikali.”

“Taja kimoja ambacho si serikali.”

Alifikiri. “Mvua,” alisema.

“Mvua sawa.”

Wiki iliyofuata nikasikia kwamba daktari wa mifugo wa Kasulu amesharudi kutoka Tabora, wa kwetu bado. Mheshimiwa alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe, nyuzi zake zikiwa zimeongezeka. Nilijua kwamba akifa huyu, ndani ya nyumba ile hakutabaki chenye uhai kilichowahi kulishwa kwa mkono wa mke wangu isipokuwa mimi. Nikamtia kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko, nikaombea lifti kwenye fuso la maharage la Saady. Madiwani nikamwachia Mama Ntirampeba, baada ya kuapa kwamba hatawapa kitu chochote kinachoota.

Saady ni dereva anayeongea kuliko injini yake. Nilikaa mbele, ndoo katikati ya miguu, kikombe mkononi, nachota namwaga, nachota namwaga, ili mgonjwa apate hewa.

“Mzee Tharsisi, huyo wa kukaanga au wa kuchemsha?”

“Huyu anakwenda hospitali.”

Aligeuka kunitazama mpaka nikamwomba atazame barabara. “Samaki? Mimi mwenyewe nina kiuno mwaka wa tatu huu sijafika hospitali.”

“Na ungefika ungekuta gari limebeba viti.”

Akakaza macho barabarani, maana alikuwepo kwenye mazishi. Tulipopita vilima viwili vitatu mkono wangu ukaanza kufa ganzi. Saady akaona. Akapunguza mwendo, akashika usukani kwa mkono mmoja, na wa pili akauleta kwenye ndoo. “Leta kikombe,” alisema. “Ila akifika mzima, uwaambie watu alipanda gari la nani.”

Dokta Elisante ni mtu wa Kilimanjaro, kijana bado, kaletwa kwetu na barua ya uhamisho kama wanavyoletwa wote. Alinyanyuka kwenye kiti nilipoingia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nimekuletea mgonjwa.”

“Yuko wapi?”

“Kwenye ndoo.”

Alifunua mfuniko, akatazama, akanitazama. “Mzee wangu, mimi nimesomea ng'ombe.”

“Na huyu si mfugo? Nimemfuga.”

Alicheka, lakini alikwenda kuleta beseni la kioo na tochi, akamhamishia humo, akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya kunyooshwa. Hilo naliandika, maana mabaya yao nayaandika yote. Alimulika kwa nyuma muda mrefu.

“Hawa minyoo wanakaa utumbo wa mwisho,” alisema. “Hao unaowaona wanachungulia ni majike. Wanamwaga watoto majini. Watoto wanamezwa na vidudu vidogovidogo vya majini, na samaki akimla kidudu, kamla na mnyoo. Maji yake unayatoa wapi?”

“Bombani. Ila bomba lilikauka mwezi wa sita, kwa hiyo bondeni, njia ya Kitahana, pale ng'ombe wanaponywa.”

“Na chakula?”

“Dagaa wa kusaga. Na vile vidudu vinavyorukaruka kwenye maji ya bondeni. Navichota kwa chujio la chai. Anavipenda sana.”

Daktari alifumba macho kidogo. “Mzee, hao minyoo umemletea wewe. Kwa chujio.”

“Mimi?” Nilisimama. “Mimi sikuleta mnyoo. Pale mtaani kwetu kuna bango la mradi wa maji, bango lenyewe ni kubwa kuliko tangi la mradi. Bomba lingetoka, mimi bondeni ningefuata nini?”

“Kwa bomba sina dawa,” alisema kwa upole. “Kwa minyoo ninayo. Tuanze na ninachoweza.”

Alitoa chupa ya dawa ya mbuzi, nyeupe, nzito kama uji. Akanieleza vizuri, kwa Kiswahili cha watu, si cha vyeti. Dawa inachanganywa na chakula, kidogo sana, tone kwa chakula cha kujaa kiganja. Samaki anakula jioni tatu mfululizo. Minyoo wanakufa mmoja mmoja wanatoka na haja, na uchafu wa chini lazima unyonywe kwa mpira na kumwagwa mbali. Madiwani nao wapewe, hata kama hawana nyuzi, maana wamekaa chumba kimoja. Halafu baada ya wiki tatu unarudia yote, kwa kuwa wapo wadogo waliojificha ambao dawa ya kwanza haiwapati. Maji ya bondeni marufuku, au yachemshwe yapoe. Vidudu marufuku kabisa.

“Hakuna ya kumwaga tu kwenye maji?” nilimuuliza.

“Ipo, tena inafanya kazi haraka. Ila niliyonayo imechanganywa na ya minyoo wa ini. Ng'ombe anaivumilia. Huyu hataivumilia. Niliagiza ile isiyochanganywa toka mwaka jana.”

“Umeona?” nilisema.

“Nimeona, mzee.”

“Na asipokula?”

“Asipokula, sina njia nyingine.”

Tukasaga dagaa pale pale ofisini, tukafinyanga na yai na dawa, tukamtupia kitonge. Kilidondoka mbele ya pua yake. Hakukitazama. Daktari akajaribu kwa koleo, nikajaribu kwa mkono. Akatugeuzia mkia sisi wote wawili.

“Nyumbani anakula kwa nani?” aliuliza daktari.

“Kwa marehemu.”

Akaweka koleo chini, nami nikaona huyu mtu ametoka mbali, hanijui, hana ukoo hapa wa kunicheka. Nikamwambia habari yote ya kitenge. Aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za homa.

“Samaki mwenye minyoo hukosa hamu ya kula, hilo najua,” alisema. “La kitenge halikuwemo kwenye masomo yetu. Lakini kama kiko hapa Kasulu, mimi ningekifuata.”

Kwa hiyo ikabidi niende kwa mwizi wa wafu.

Careen ana kibanda chake karibu na soko. Alikuwa kwenye cherehani, mguu unapiga, na aliponiona mguu haukusimama.

“Karibu, bwana. Umekuja na polisi au peke yako?”

“Nimekuja na Mheshimiwa.”

Hapo mguu ulisimama. Akachungulia nje kutafuta magari, huku anafuta nyuzi kwenye gauni lake. “Wa wapi? Yuko wapi?”

“Kwenye ndoo.”

Akaangalia ndoo. Akamtambua, maana alikuwa anamwona kila akija kwa dada yake. Uso ukabadilika. Na mimi macho yangu yalikuwa yameshafika mezani, kwa sababu pale mezani kitenge kilikuwa kimetandazwa, kimechorwa chaki ya mikono na shingo, na mkasi umelala juu yake umefungua mdomo.

“Usikate,” nilisema.

“Hiyo ndiyo salamu?”

“Careen, nakuomba, usikate.”

“Kila nikishika mkasi mteja anaingia,” alisema, kama anayemlalamikia mkasi. “Haya, niambie. Unakitakia nini hiki kitenge mpaka unanitukana mbele ya ukoo?”

Nikamwambia. Nilitazama sakafu, vipande vya vitambaa vya kila rangi, nikamwambia. Kwanza alicheka, alicheka mpaka akashika cherehani isianguke, na wateja wawili wa jirani wakatoka kuuliza kuna nini. Kisha akaacha.

“Kila jioni?”

“Kila jioni.”

“Kiunoni au begani?”

“Kiunoni.”

“Dada alikuwa anafunga kwa juu, fundo nyuma ya shingo.”

“Samaki hakulalamika.”

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa kicheko au kwa kingine, sikuuliza. Akakikung'uta kile kitenge mpaka chaki ikapaa kama vumbi la barabara yetu, akajifunga, fundo nyuma ya shingo. Akaleta beseni lake kubwa la kufulia, akalisuuza asibakize sabuni hata kidogo, tukamwaga maji ya kisima cha jirani na ya kwenye ndoo, tukamshusha Mheshimiwa. Alizama chini akakaa. Careen alichuchumaa, kitonge cha dawa kwenye ncha za vidole, akaingiza mkono majini.

“Karibu mezani, Mheshimiwa,” alisema.

Yale yalikuwa maneno ya Philomena. Sikuwahi kuyasema mimi, mimi namlisha kimya. Samaki akageuka. Akazunguka ukingoni mwa beseni mara moja, mara ya pili, zile nyuzi zake zinamfuata nyuma kama aibu. Akasogea, nundu mbele. Akaufungua mdomo wake mkubwa wa dharau, akachukua.

Careen aliguna tu. Mimi ilibidi nitoke nje, nikajifanya natafuta Saady kaegesha wapi.

Nilikaa Kasulu kwa ajili ya zile jioni tatu, nikalala kibandani kati ya majora ya vitambaa. Asubuhi ya pili chini ya beseni palikuwa na nyuzi nyekundu zilizonyooka, hazijikunji tena. Nilizinyonya kwa mpira kama nilivyoelekezwa, nikazimwaga mbali, nikafukia. Jioni ya mwisho, Careen akiwa anaosha mikono, nikaona ni wakati.

“Careen. Lile neno la siku ile.”

“Neno gani?” Alilijua vizuri sana.

“Mwenyekiti hakuongoza kikao inavyotakiwa.”

Alinitazama. “Hiyo ndiyo samahani yako?”

“Ndiyo hiyo.”

“Imechakaa,” alisema, “lakini nimeipokea. Ingekuwa nguo ningeitia kiraka.”

Kitenge hakunipa. Alisema kikae kwake, na zile wiki tatu zikitimia atakuja nacho mwenyewe Kibondo kulisha awamu ya pili. Nikarudi na mgonjwa wangu kwa Saady, ambaye safari nzima alimwita abiria.

Nyumbani Mama Ntirampeba alikuwa amewalinda madiwani kama mayai. Niliwapa dawa, wakala bila kuuliza imetoka wapi, kama kawaida yao. Maji nikawa nachemsha sufuria kwa sufuria, kuni zinaisha, jirani wananiambia Tharsisi unawapikia supu ya wenyewe. Mheshimiwa nilimlisha kidogokidogo kwa fimbo ndefu, nimejificha pembeni ya tangi. Alikuwa anaokota akipenda, asipopenda anaacha. Nilisema si kitu, dawa ya kwanza imeingia, ya pili inakuja na Careen.

Wiki tatu zilipokaribia, Careen akapiga simu.

“Shemeji, siji.”

“Kwa nini?”

“Wakubwa wa shule moja huku wamebadilisha rangi ya sketi. Watoto mia na kitu, Jumatatu wote waingie na rangi mpya, asiye nayo anarudishwa. Mafundi wote wa Kasulu hatulali. Nikitoka, wanangu hawali.”

“Hao wakubwa…”

“Najua, najua, usianze, nina sketi kwenye cherehani. Kitenge nikutumie kwa basi?”

Basi la siku ile lilikuwa limeshaondoka. Na daktari alishaniambia nisiipitishe siku, maana wale wadogo waliojificha wakikomaa, tunaanza upya, na mwili ule haungevumilia kuanza upya.

Mama Ntirampeba aliposikia akaleta kitenge chake mwenyewe, chekundu, chenye picha za jogoo. “Vaa hiki. Samaki anajua tofauti ya pangaboi na jogoo?”

Nikatia komeo. Nikajifunga jogoo. Nikajitazama kwenye kioo cha tangi, mzee mwenye mvi na majogoo kiunoni, na nyuma ya sura yangu Mheshimiwa kwenye kivuli cha jiwe lake, ananitazama. Sijui kilichonipata. Nikakifungua kile kitenge, nikakikunja, nikakiweka kitini. Nikasimama na shati langu la kijivu lenye kifungo kimoja kilichokatika. Nikachovya mkono majini na kile kitonge, nikangoja kama mwanafunzi mbele ya ubao.

Madiwani walikuja kwanza, nikawafukuza kwa kidole. Halafu Mheshimiwa akatoka. Hakuzunguka. Alikuja moja kwa moja, nundu mbele, akala mkononi mwangu. Akangoja kingine.

Jioni ya pili vilevile. Na ya tatu. Sasa amenenepa, nyuzi hazijaonekana tena, mistari yake imekolea, na dharau yake imerudi yote.

Nilimpigia Dokta Elisante. “Si nilikwambia, mzee? Ilikuwa minyoo tu,” alisema, “akiumwa hali, akipona anakula.” Mama Ntirampeba anasema hapana, samaki mwenyewe aliona Careen ananicheka kule Kasulu nami bado nikabaki kumuuguza, ndiyo maana kanikubali. Samaki hakuona kicheko chochote, wakati ule alikuwa kwenye ndoo, lakini ukibishana na Mama Ntirampeba unachelewa kulala.

Careen nilimpigia mwisho.

“Amekula?”

“Amekula.”

“Ulivaa nini?”

“Shati.”

Nilisikia cherehani ikisimama upande wa pili. “Sasa hiki kitenge nikikate?” aliuliza.

Nilimwambia angoje. Angoje nini, sikuweza kumwambia, na yeye hakuuliza. Mpaka leo kipo mezani kwake, anasema amekichora chaki tena na mkasi umelala palepale.

Bomba bado halijatoa hata tone. Bango la mradi wamelipaka rangi upya. Mheshimiwa mwenyewe nimemuuliza, jioni, tukiwa peke yetu, na komeo sikutia. Alinitazama, akafungua mdomo, akafunga, kama wenzake wote wenye cheo hicho. Lakini swali silirudishi mfukoni. Kama alikuwa ananijua mimi na shati langu, basi mwaka mzima ule, mlango umefungwa na kitenge kiunoni, ni nani kati yetu wawili aliyekuwa hawezi kula bila Philomena?